Jinsi ya Kutengeneza Bendeji ya Nyuzi za Nano Yenye Dondoo la Manjano kwa Utafiti wa Vidonda vya Kisukari

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtafiti kijana wa famasia, kemia au uhandisi wa vifaa ambaye ana maabara, ana msimamizi, na anataka kujaribu dawa za mimea kwenye vidonda vya kisukari kwa njia inayoweza kupimwa. Haukuandikwa kwa mgonjwa anayetaka kujitibu nyumbani. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu kidonda cha mguu cha mwenye kisukari kinaweza kula mguu mzima wakati mwenyewe hasikii maumivu yoyote, na unga wa manjano wa jikoni, ambao haujatakaswa vijidudu, haufai kabisa kuwekwa juu yake. Mwenye kidonda cha namna hiyo aende kituo cha afya leo, asingoje wiki ijayo.

Katika kazi hii nimejifunza kusisitiza jambo moja kuliko mengine yote. Tafiti nyingi za mitishamba hazikwami kwa sababu mmea ni dhaifu, bali kwa sababu aliyetengeneza bendeji hawezi kusema ameweka kiasi gani cha kitu gani katika kila sentimita ya mraba. Asiyejua kipimo chake hawezi kurudia kazi yake mwenyewe, sembuse kumshawishi daktari. Kwa hiyo, hatua zote zinazofuata zina lengo la kuipata namba hiyo moja na kuilinda isipotee njiani.

Anza na kidonda kabla ya mmea

Siku moja nilikaa katika kliniki ya miguu nikimtazama muuguzi akiondoa shashi iliyokuwa imekauka juu ya kidonda cha mzee mmoja, chini ya kidole gumba cha mguu. Aliilowesha kwa maji ya chumvi, akangoja, akaivuta taratibu, na bado ilitoka na utando mwekundu wa nyama mpya iliyokuwa imeanza kuota. “Pole, baba,” akamwambia. “Nishapoa, mwanangu,” mzee akajibu, naye alikuwa akitazama dirishani. Hakuwa na habari kwamba kazi ya mwili wake ya siku kadhaa ilikuwa imeng'oka na ile shashi.

Kidonda cha kawaida hupita hatua zinazofuatana: damu huganda, seli za kinga huja kusafisha, nyama mpya huota, kisha ngozi hufunga juu yake. Kwa mwenye kisukari, kidonda hukwama kwenye hatua ya kusafisha. Sukari ikidumu juu kwa miaka huharibu mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, hivyo oksijeni haifiki ya kutosha na mguu hupoteza hisia. Makrofeji, ambazo ni seli za kinga zinazopaswa kuacha kupigana na kuanza kusaidia ujenzi, huendelea kupigana. Chembe haribifu za oksijeni hulundikana. Na vimeng'enya vinavyokata kolajeni, ile protini inayoishikilia nyama, hasa kile kiitwacho MMP-9, hukata nyama mpya kabla haijashika. Bakteria nao hujijengea utando unaowakinga dhidi ya dawa.

Kutokana na hayo unaweza kuandika sifa za bendeji unayoitaka kabla hujagusa mmea wowote. Ifyonze majimaji ya kidonda bila kukikausha, ipitishe hewa, isigandame na nyama mpya, na itoe dawa yake kidogo kidogo kwa siku kadhaa ili muuguzi asilazimike kuifungua kila siku. Nyuzi za nano, yaani nyuzi nyembamba zinazopimwa kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), zinafaa kwa sababu umbo lake linakaribiana na la kolajeni ya mwili, ambayo nyuzi zake zina kipenyo cha kati ya nanomita 50 na 500 hivi. Seli za fibroblasti, ambazo ndizo zinazojenga nyama mpya, hupata mahali pa kushika na kutambaa, na wavu wenyewe una matundu mengi yanayopitisha hewa lakini ni madogo mno kwa bakteria wengi kupenya kwa urahisi.

Kwa nini manjano? Ningeweza kuchagua shubiri, mwarobaini au mlonge, na kila mmoja una watafiti wake. Nimechagua manjano kwa sababu kiini chake kikuu, kurkumini, kinajulikana vizuri na kinapimika kwa chombo cha kawaida cha maabara. Hupunguza uvimbe na huzima chembe haribifu za oksijeni, yaani hugusa palepale kidonda kilipokwama. Mwaka 2009 watafiti nchini Marekani walichapisha kazi waliyoweka kurkumini ndani ya nyuzi za nano za polikaprolaktoni, plastiki ambayo mwili huivumilia, na vidonda vya panya waliofanywa wawe na kisukari vilifunga haraka zaidi kuliko vya wale wa kulinganisha. Manjano pia inalimwa kwetu, Muheza, Morogoro na Zanzibar, kwa hiyo unaweza kwenda shambani ukaijua mali yako tangu iko ardhini.

Dondoo: ujue unachokitia

Usinunue unga wa manjano sokoni. Unga uliosagwa na mtu mwingine unaweza kuwa umechanganywa na wanga au rangi, na huko Bangladesh watafiti waligundua manjano iliyotiwa kromati ya risasi ili ing'ae, jambo lililowaingizia walaji sumu ya risasi mwilini. Nunua mizizi mibichi kwa mkulima, andika mahali, tarehe ya kuvunwa na umri wa mmea, kisha peleka mmea mmoja wenye majani, na maua ikiwezekana, kwa mtaalamu wa mimea ili autambue rasmi na kuuhifadhi kwa namba. Namba hiyo utaiandika katika kila taarifa utakayoitoa. Wanafunzi wengi huikumbuka wanapotakiwa na mhakiki wa jarida, wakati mmea umeshasagwa na shamba limeshalimwa upya.

Osha mizizi, ikate vipande vyembamba, ikaushe kivulini au kwenye tanuri ya maabara isiyozidi nyuzi joto 50, kisha isage. Loweka gramu 10 za unga kwenye mililita 100 za ethanoli ya asilimia 95, ndani ya chupa iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini, na uitikise kwa saa 24. Mwanga huharibu kurkumini, kwa hiyo karatasi hiyo ni ya lazima. Chuja, loweka tena mabaki mara moja au mbili, unganisha machujo yote, kisha ondoa ethanoli kwa mashine ya kuvukizia katika nyuzi joto 40 chini ya ombwe. Kinachobaki, kinene, chenye rangi ya machungwa iliyokolea na harufu kali, ndicho dondoo.

Sasa lipime. Manjano kavu huwa na kurkumini na ndugu zake wawili wa kikemia kwa kiasi kinachotofautiana sana kulingana na aina na shamba, kwa kawaida asilimia chache tu za uzito, na dondoo lako litakuwa na zaidi ya hapo kwa sababu nyuzinyuzi na wanga vimebaki kwenye chujio. Yeyusha miligramu 10 za dondoo katika ethanoli, punguza makali yake hadi usomaji uwe ndani ya mstari wako wa vipimo, na usome ufyonzaji wa mwanga kwenye spektrofotometa katika nanomita 425 hivi, ambapo kurkumini hufyonza zaidi. Linganisha na mstari uliouchora kwa kurkumini safi ya kununua. Ukiwa na kromatografia ya kimiminika ni bora zaidi, kwa sababu hutenganisha wale ndugu watatu. Rudia kipimo mara tatu. Kila fungu jipya la mizizi lipimwe upya hata kama limetoka kwa mkulima yuleyule.

Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba dondoo lako limeonyesha asilimia 20 ya kurkumini. Namba hiyo ndiyo utakayoitumia katika hesabu zote zinazofuata.

Mmumunyo wa kusokotea

Polima ninayoipendekeza kwa anayeanza ni polikaprolaktoni yenye uzito wa molekuli wa 80,000 hivi, ikichanganywa na jelatini. Polikaprolaktoni ni imara, husokoteka bila usumbufu na mwili huivumilia, ila inakataa maji: tone la maji likiwekwa juu yake hukaa kama ushanga. Jelatini, ambayo ni kolajeni iliyovunjwa, huipa mapenzi ya maji na huipa seli mahali pa kushika. Uwiano wa 70 kwa 30 ni mahali pazuri pa kuanzia.

Pima gramu 1.05 za polikaprolaktoni na gramu 0.45 za jelatini, uziyeyushe katika mililita 10 za mchanganyiko wa asidi asetiki na asidi fomiki kwa nusu kwa nusu, ukikoroga kwa sumaku ndani ya kabati la kufyonzea hewa. Asidi hizi huunguza ngozi na mapafu, hivyo usifungue chupa yake nje ya kabati hilo hata kwa dakika moja. Wapo wanaotumia klorofomu au viyeyushi vyenye florini, na nyuzi zao hutoka nzuri; mimi nasita kuweka juu ya kidonda kitu kilichopitia humo ilhali kuna njia nyingine. Zingatia kwamba asidi fomiki huikata polikaprolaktoni polepole kadiri mmumunyo unavyokaa. Mmumunyo wa leo usokotwe leo, maana ule wa juzi utakuwa mwepesi zaidi na utakupa nyuzi tofauti, nawe utadhani dondoo ndilo lililobadilisha mambo.

Kurkumini unayoitaka ni asilimia 3 ya uzito wa polima. Polima zote ni gramu 1.5, kwa hiyo unahitaji miligramu 45 za kurkumini, na kwa kuwa dondoo lako lina asilimia 20, utatia miligramu 225 za dondoo. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Katika zile miligramu 225, miligramu 180 si kurkumini. Ni mafuta, utomvu na vitu vingine vya mmea, navyo hubadilisha unato wa mmumunyo na kulainisha nyuzi. Ikiwa nyuzi zako zitakataa kutoka, lisafishe dondoo zaidi badala ya kupunguza kipimo, kwa mfano kwa kuosha mafuta kwa heksani kabla ya kuendelea, kisha upime upya kiwango cha kurkumini.

Tayarisha pia mmumunyo wa pili usio na dondoo. Bila bendeji tupu ya kulinganisha nayo hutajua kamwe kama kidonda kilisaidiwa na manjano au na wavu wenyewe.

Kusokota kwa umeme

Mashine ya kusokotea kwa umeme ni rahisi kuielewa. Kuna bomba la sindano lenye mmumunyo, pampu inayolisukuma polepole, sindano ya chuma butu iliyounganishwa na umeme wa volti nyingi, na mbele yake sahani au ngoma iliyofunikwa karatasi ya alumini na kuunganishwa na ardhi. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani Anton Formhals alipata hataza yake Marekani mwaka 1934, na miaka ya 1960 Geoffrey Taylor akaeleza kwa hesabu umbo la koni ambalo tone hulichukua linapovutwa na umeme.

Anza na kilovolti 15, mwendo wa mililita 0.5 kwa saa, umbali wa sentimita 15 kati ya sindano na sahani, na sindano ya geji 21. Kisha kaa utazame ncha ya sindano, ukiwa na taa nyuma yake. Mwanzoni tone hujaa na kuning'inia likiwa duara. Umeme ukifika kiwango chake, tone hilo linachongoka kama ncha ya kalamu, na kwenye ncha hiyo hutoka uzi mwembamba unaoonekana kwa sentimita moja au mbili tu kabla haujaanza kuzunguka kwa kasi na kupotea machoni. Katika mzunguko huo kiyeyushi huvukiza na uzi hukonda mara maelfu. Baada ya dakika chache karatasi ya alumini huanza kupata ukungu wa njano hafifu, kisha utando unaofanana na karatasi laini sana.

Ukiona ncha inadondosha matone, pampu ina kasi kuliko umeme unavyoweza kuvuta. Ukiona tone linaingia ndani ya sindano na uzi unakatika-katika, volti ni nyingi au mmumunyo umeganda kwenye ncha. Zima umeme, subiri, gusisha sindano na waya wa ardhi, ndipo uifute. Usipeleke mkono wako kwenye sindano kabla ya kufanya hivyo, hata kama swichi inaonyesha imezimwa.

Kitu ambacho vitabu vilivyoandikwa nchi za baridi havikisisitizi ni unyevu wa hewa. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa unyevu hupita asilimia 70 kwa siku nyingi za mwaka, na katika hali hiyo kiyeyushi hakivukizi kama kinavyotakiwa. Nyuzi hufika kwenye sahani zikiwa bado mbichi, zinashikana na kuyeyukiana. Bendeji zangu za mwanzo zilionekana safi kabisa kwa macho, na hadubini ya elektroni ikanionyesha shanga na madimbwi mahali nilipotegemea nyuzi. Nilipoteza mwezi mzima nikibadilisha dondoo, kumbe tatizo lilikuwa mvua za masika. Weka kipima unyevu ndani ya kasha la mashine, washa kiyoyozi au kikausha hewa mapema, na usianze hadi usome kati ya asilimia 35 na 45. Andika usomaji huo kwenye daftari kila baada ya nusu saa.

Kwa saa mbili utakuwa umesukuma mililita moja, yenye miligramu 150 za polima na miligramu 4.5 za kurkumini. Zikitandazwa kwenye eneo la sentimita 10 kwa 10, hesabu inakupa mikrogramu 45 za kurkumini kwa kila sentimita ya mraba. Hiyo ndiyo namba niliyoitaja mwanzo, ila kwa sasa ni ya kwenye karatasi tu. Kata vipande vya sentimita moja ya mraba kutoka katikati na kutoka pembeni, viyeyushe katika asidi asetiki, upime kurkumini dhidi ya mstari uliouchora ndani ya asidi hiyohiyo. Pembeni mara nyingi huwa pembamba kuliko katikati. Kata kingo na uzitupe, na uandike kipimo cha kweli pamoja na tofauti yake.

Acha bendeji kwenye ombwe usiku kucha ili mabaki ya asidi yatoke. Ikinusika siki bado haiko tayari. Kuhusu jelatini, fahamu kwamba huyeyuka kwenye maji yenye joto la mwili, ndiyo maana wengi huifunga, yaani huziunganisha molekuli zake, kwa mvuke wa glutaraldehidi. Mvuke huo hufanya kazi, lakini mabaki yake huua seli, na kuosha mabaki hayo huondoa sehemu ya dawa yako. Njia ya kufunga kwa joto kali haifai hapa kwa sababu polikaprolaktoni huyeyuka kwenye nyuzi joto 60 hivi. Ushauri wangu ni kwanza upime bendeji bila kuifunga, kwa kuwa polikaprolaktoni hushikilia sehemu kubwa ya wavu, na ufunge tu iwapo inasambaratika kwenye maji.

Kutakasa vijidudu

Sehemu hii ni fupi lakini imewaangusha wengi. Tanuri ya mvuke ya nyuzi joto 121 itageuza bendeji yako kuwa kipande cha plastiki. Taa ya mionzi ya urujuanimno haipenyi ndani ya wavu, na juu ya hapo huharibu kurkumini. Zinazobaki ni gesi ya ethilini oksidi, ambayo inahitaji muda mrefu wa kupunga hewa ili mabaki yaishe, na mionzi ya gama. Kwa majaribio ya seli peke yake, kuandaa kila kitu kwa usafi na kupitisha mmumunyo wa dondoo kwenye chujio lenye matundu madogo kuliko bakteria kunaweza kutosha. Kwa mnyama au binadamu hakutoshi. Njia yoyote utakayotumia, pima kurkumini kabla na baada.

Kupima kama inafanya kazi

Hadubini ya elektroni ndiyo ya kwanza. Pima kipenyo cha nyuzi zisizopungua 100 kutoka sehemu mbalimbali, uandike wastani na mtawanyiko wake. Kisha weka tone la maji juu ya bendeji uone linavyoenea, pima uzito wake kavu na uliolowa, na uvute kipande kilicholowa hadi kikatike, kwa sababu juu ya kidonda bendeji itakuwa imelowa daima.

Jaribio la dawa kutoka kwenye bendeji linahitaji uangalifu wa pekee, na ndipo ninapoona makosa mengi zaidi katika kazi zilizochapishwa. Desturi ni kuweka kipande kwenye maji ya bafa, yaani maji ambayo pH yake haibadiliki kirahisi, yenye pH 7.4 katika nyuzi joto 37 na kuchota sampuli kila baada ya saa kadhaa. Lakini kurkumini haipendi maji, na katika bafa ya namna hiyo isiyo na protini sehemu yake kubwa, takriban asilimia 90, huvunjika ndani ya nusu saa. Mtafiti asiyejua hilo atapima kiasi kidogo na kuandika kwamba bendeji yake “inatoa dawa polepole”, ilhali dawa ilitoka na kuharibika. Tia asilimia 0.5 ya Tween 80, kitu kinachofanya kazi kama sabuni, kwenye bafa ili kurkumini iyeyuke na ikae kwa muda mrefu zaidi, fanya kazi gizani, soma sampuli papo hapo, na uendeshe chupa ya pembeni yenye kurkumini ya kiasi unachokijua ili ujue inavunjika kwa kasi gani. Siku ya tatu, toa kipande, kiyeyushe, upime kilichobaki. Kilichotoka, kilichovunjika na kilichobaki vikijumlishwa virudi karibu na mikrogramu ulizoanza nazo. Visiporudi, usiendelee na hatua nyingine hadi ujue vimekwenda wapi.

Kwa seli, tumia fibroblasti na ufuate kiwango cha kimataifa cha ISO 10993-5 cha kupima sumu ya vifaa tiba kwa seli, ambacho huhesabu kitu kuwa sumu iwapo uhai wa seli umeshuka kwa zaidi ya asilimia 30. Tahadhari ni kwamba kipimo maarufu cha MTT hutegemea seli hai kubadilisha rangi ya kemikali, na dondoo za mimea zenye polifenoli zinaweza kuibadilisha rangi hiyo zenyewe bila seli hata moja. Kila mara weka visima vyenye bendeji na kemikali bila seli, na uondoe usomaji wake. Nimeona uhai wa “asilimia 140” ukisherehekewa ambao ulikuwa ni rangi ya mmea tu.

Kwa bakteria, chagua Staphylococcus aureus na Pseudomonas aeruginosa, ambao wote hupatikana kwenye vidonda vya kisukari. Usitegemee duara la kuzuia ukuaji kwenye sahani ya agari, kwa kuwa kurkumini haisambai vizuri humo na duara dogo halimaanishi dawa dhaifu. Hesabu makoloni yaliyobaki baada ya bendeji kukaa na bakteria kwa saa 24. Uwe tayari kuona matokeo hafifu kwa Pseudomonas. Bakteria wenye utando wa nje wa namna yake huistahimili kurkumini vizuri, na kama ndivyo ilivyo, andika hivyo. Manjano haichukui nafasi ya antibiotiki kwenye kidonda kilichoambukizwa.

Wanyama, vibali na wagonjwa

Kabla ya kugusa panya mmoja, pata kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako. Panya hufanywa wawe na kisukari kwa sindano ya streptozotosini, inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hali hiyo inafanana zaidi na kisukari cha aina ya kwanza, wakati wagonjwa wengi wenye vidonda vya miguu wana aina ya pili, na jambo hilo liandikwe wazi kwenye taarifa. Zaidi ya hapo, ngozi ya panya hufunga kidonda kwa kujivuta kama mdomo wa mfuko wa kamba, jambo ambalo ngozi ya binadamu hufanya kwa kiasi kidogo. Shona pete ya silikoni kuzunguka kidonda ili kuzuia kujivuta huko, la sivyo utakuwa unapima msuli wa panya badala ya dawa yako. Makundi yasipungue manne: shashi ya kawaida, bendeji tupu, bendeji yenye dondoo, na bendeji ya hospitali inayotumika sasa. Anayepima picha za vidonda asijue kipi ni cha kundi lipi.

Kwa binadamu, nchini Tanzania utahitaji kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa jaribio la tiba. Kenya kuna NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na Bodi ya Famasia na Sumu. Nenda mapema Taasisi ya Tiba Asilia ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, ambako watu wamefanya kazi na mimea ya dawa tangu miaka ya 1970. Na kama ujuzi wa kutumia mmea umeupata kwa mganga au kijiji fulani, mkubaliane kwa maandishi kuhusu haki yao kabla hujachapisha chochote.

Kwenye fomu ya ridhaa, mweleze mgonjwa ukweli ulivyo. Mwongozo wa mwaka 2023 wa kundi la kimataifa linaloshughulikia mguu wa kisukari haupendekezi dawa za mitishamba kwa ajili ya kuponya vidonda hivyo, kwa kuwa ushahidi uliopo ni dhaifu, na kazi yako ipo ili kuona kama ushahidi ulio imara unaweza kupatikana. Kila mshiriki, wa kundi lolote, apate kwanza matunzo yanayojulikana kusaidia: kupimwa mtiririko wa damu mguuni, kuondolewa nyama iliyokufa, kutibiwa maambukizi, kudhibitiwa sukari, na kupunguziwa uzito kwenye kidonda kwa plasta maalumu au kiatu kilichotengenezwa kwa ajili hiyo. Mgonjwa anayeendelea kukanyagia kidonda chake hatapona kwa bendeji yoyote, na ukimwingiza kwenye jaribio akiwa hivyo utakuwa umemkosea yeye kwanza, kisha umeharibu takwimu zako.

Bendeji zilizokwisha kutengenezwa zifungwe moja moja kwenye pakiti isiyopitisha mwanga, zikae kwenye nyuzi joto 4, na kila pakiti iwe na namba ya fungu la mizizi, tarehe ya kusokotwa, unyevu wa siku hiyo na mikrogramu za kurkumini kwa sentimita ya mraba. Fungua moja kila mwezi, uipime upya, na siku kiwango kitakapokuwa kimeshuka chini ya asilimia 90 ya kile cha mwanzo, fungu hilo lote liondolewe kwenye friji.